Kaburi Chini ya Mnara

Watu wa Osiri, sisi Wajaluo wa hapa machimboni, hupenda kusema kwamba Mkuria akipewa kitu akilinde, hata kama ni jiwe, basi ukilitaka jiwe hilo itabidi uongee naye vizuri sana. Mimi nilikuwa nikisikia hivyo nacheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu nimemwona Mwikwabe.

Jina langu ni Truphena, lakini hapa wananiita Mama Liz, na hoteli yangu ni ile ya mabati mekundu, nyuma ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nauza chai, chapati, na samaki siku ambayo ziwa limekubali. Mdomo wangu hauna kifuniko, hilo nakuambia mapema usije ukashangaa. Sasa, ukitoka mlango wa jikoni kwangu, unakutana uso kwa uso na mnara wa stima. Sisemi nguzo za mbao hizi za kuingiza taa nyumbani, hapana. Nasema lile dude la chuma la miguu minne, linalobeba nyaya nene na kupeleka umeme Homa Bay mpaka Kendu Bay. Likianguka, linaniangukia mimi na sufuria zangu. Na hilo ndilo dogo.

Kubwa ni lile lililotokea mwaka ule mnara mwingine wa laini hiyohiyo ulipoanguka, baada ya wezi kuufungua vyuma usiku mmoja baada ya mwingine na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Homa Bay yote ilikaa giza siku nyingi. Pampu zikanyamaza, mifereji ikakauka. Akina mama wa ufuoni walimwaga samaki kwa sababu barafu iliyeyuka. Dadangu Phelesia alijifungua wiki hiyo, muuguzi ameshika simu kwa meno ili apate mwanga na mikono yote miwili. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mpaka leo taa ikizima hata kidogo tu Phelesia anashika moyo. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba stima ni mambo ya kampuni.

Baada ya balaa hiyo ndipo wakaletwa walinzi, na sisi tukaangukiwa na Mwikwabe. Alitoka kule Ukuria, karibu na mpaka wa Tanzania, mrefu, mkavu, mdomo umefungwa kama duka la Jumapili. Chai yangu aliinywa akiwa amesimama mlangoni, ili jicho lisitoke kwenye mnara. Nilimchokoza kila siku. Nilimuuliza kama huo mnara ni bibi yake. Akanijibu, bila kucheka, kwamba bibi yake wa nyumbani anajua kujitetea, huyu wa chuma hajui. Nikaona, aa, kumbe huyu mtu ana maneno, ni vile anayaweka akiba.

Wakati mmoja chifu aliita baraza, akaja na ofisa wa polisi. Ofisa akatuambia tusifikirie wezi wa vyuma peke yao. Alisema kuna watu wanaotaka nchi ikae gizani ili iogope, na kwamba kwingine wanalipua minara ya simu, nyaya na mabomba ya maji. Watu wakacheka. Mmoja akauliza gaidi atatafuta nini Osiri, au anataka kuchimba dhahabu? Mwikwabe peke yake hakucheka. Tulipokuwa tunarudi aliniambia kwamba mnara haujui aliyeufungua bolti ni nani. Mwizi au gaidi, unaanguka vilevile, na mama wa Homa Bay anajifungua kwa tochi vilevile. Nilikuwa nimemsimulia habari ya Phelesia mara moja tu, na kumbe aliibeba.

Kwetu adui walikuwa wawili. Kulikuwa na hao wa kufungua bolti, halafu kulikuwa na vijana wa mashimo. Mchimbaji akishaona uzi wa dhahabu kwenye mwamba anaufuata chini kwa chini, haulizi juu kuna kanisa au choo cha mtu. Shimo moja lilikuwa limepita karibu kabisa na mguu wa mnara ulio upande wa mto. Mafundi wa kampuni walikuja, wakachungulia, wakatikisa vichwa, wakajaza kiasi. Wakauzungushia ule mguu mawe yaliyopakwa rangi nyeupe na kusema jembe lisipite hapo, hata la kupandia sukuma wiki, mpaka mvua iishe warudi na zege. Udongo wa pale ulikuwa umelegea, ukichokorwa tu mguu unazama. Wakapanda gari lao. Tukabaki na mawe meupe, mvua, na Mwikwabe.

Alijaribu kila njia. Aliweka waya wa miiba, ukaibiwa. Aliweka kibao cha hatari chenye picha ya fuvu, baada ya siku mbili tatu kikaonekana ni mlango wa banda la kuku la mtu. Akaleta mbwa, mbwa akapewa sumu. Laini aliyopewa ni ndefu, hawezi kukaa hapa tu, akienda kukagua minara ya mbele akirudi anakuta bolti nyingine imetoka. Nilimwona siku moja ameketi juu ya jiwe, mikono kichwani. Nilimhurumia, wallahi, na mimi si mtu wa kuhurumia haraka.

Asubuhi moja nikafungua mlango wa jikoni, kuni mkononi, nikakuta kaburi.

Yawa! Kuni zikaniponyoka. Lundo refu la udongo, limepigwapigwa vizuri, msalaba wa mbao kichwani, liko katikati ya yale mawe meupe, ubavuni mwa ule mguu mbovu. Na Mwikwabe huyo anasukuma wilbaro tupu kuelekea mtoni. Nikamfuata mbio na kanga yangu nikamshika shati. Nilitaka kujua amemuua nani.

Hakuwa ameua mtu. Alikuwa amebeba mchanga uliokwisha oshwa dhahabu, ule ambao hata mtoto hauokoti, akaurundika juu ya ardhi bila kuchimba hata kidole. Ndani hamna kitu. Aliniambia kwamba tangu aje ameangalia sana mienendo yetu. Ameona vijana wetu wanaweza kufungua nati mchana, soko limejaa, lakini wakipita karibu na kaburi wanashusha sauti na kuzima redio. Akasema Mjaluo haibi kwa mtu aliyelala. Kisha akaniomba ninyamaze, mimi, Truphena, ninyamaze! Siri ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Lakini ilifanya kazi, sikudanganyi. Bolti zikaacha kutoka. Vijana wa shimo wakageuza mtaro wao upande wa pili, wakisema hawataki kukutana na miguu ya mtu huko chini. Hotelini kwangu hadithi zikazaliwa kila siku. Huyu anasema ni mgeni kutoka Tanzania, yule anaapa ni mwizi aliyepigwa na stima na kampuni ikamficha. Mama mmoja wa kanisa alikuja akapiga magoti pale, akaombea roho ya marehemu kwa bidii mpaka jasho likamtoka. Mimi nilijifungia jikoni nikauma leso. Na nilipotoka nikamwangalia yule Mkuria amesimama na rungu lake, mpole, kama aliyefiwa kweli, nikasema moyoni, huyu mtu ni akili tupu. Waya umeshindwa, mbwa ameshindwa, mchanga mtupu umeweza.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mwikwabe hakulijua, na ambalo halingempita mtu wa hapa. Kwetu kaburi si mahali pa kulala tu. Watu wakigombania shamba, swali la kwanza la wazee ni hili: nani amelala pale? Mwenye kaburi la babu yake ndiye mwenye udongo. Ukizika mtu wako kwenye shamba la mwenzako, umelichukua, na yeye akinyamaza mpaka majani yaote juu, amekubali. Sasa fikiria kaburi lisilo na jina, shambani kwa mtu, na chini ya shamba hilo kuna dhahabu.

Shamba lilikuwa la jaduong' Elkanah. Huyu mzee alikuwa ameondoka Osiri, akahamia kwa mke wake mdogo huko Magunga, akachunga ng'ombe na kunyamaza. Sababu tuliijua sote. Mwanawe Austine alikuwa analinda mnara wa simu kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Somalia. Wenye mabomu walikuja wakaulipua, na Austine akiwa kwenye kibanda chake chini yake. Hakukupatikana kitu cha kuletwa nyumbani. Mzee hakuweka matanga, hakunyoa nywele, na mtu akilitaja jina la mtoto yule mbele yake, alisimama akaenda zake. Hapa shamba aliliacha mikononi mwa mpwa wake, Omanga, pandikizi la mtu mwenye sauti ya ng'ombe dume.

Omanga ndiye aliyempigia simu kwamba kuna watu wamezika kwao. Mzee akaja. Na hakuja peke yake, ukoo mzima ulishuka kutoka kilimani asubuhi ya siku ya soko, wanaume kwa wanawake, wamebeba majembe. Walitaka kumfukua marehemu wamtupe barabarani, mwenyewe aje amchukue. Nilipoona majembe yale yanaelekea kwenye mawe meupe, niliacha chai motoni. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa pale ulikuwa uji. Na sokoni chini ya nyaya zile kulikuwa na watu wamejaa, na watoto wao migongoni.

Nikamkimbilia Mwikwabe nikamwambia atoroke, aende mtoni, avuke, apite Ukuria kwao, mengine tutaona. Chifu alikuwa Migori mkutanoni, na polisi walisema kwa simu wako njiani, na njia ya huku unaijua wakati wa mvua. Nilijua wakitambua kaburi ni la uongo watamla mzima. Kutengeneza kaburi bila maiti ni kwer, ni mwiko mkubwa, ni kuita kifo kwenye boma la mtu. Mwikwabe alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akaniambia nizime moto jikoni na niwaondoe watu walio chini ya nyaya. Nikaumwagia moto maji, nikawapigia kelele watu wa sokoni, lakini wao wakasogea kutazama. Yeye alivua kofia, akalaza rungu lake chini, akaenda kusimama mbele ya kaburi lake, mikono mitupu.

Aliwaambia ukweli wote, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwamba hakuna mtu hapo. Kwamba ni yeye alibeba mchanga na kuchonga msalaba. Kwamba hataki shamba lao, wala hakujua kama kaburi hula shamba. Na kwamba jembe likiingia hapo mnara utaanguka juu ya soko. Akaomba msamaha kwa wazee, kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa.

Kulitokea kelele hiyo! Wengine walishika midomo, wengine walimtukana yeye na kabila lake. Omanga alisema mtu aliyedanganya jana na leo anadanganya, maiti iko, na wataiona kwa macho. Akatemea viganja mate, akainua jembe.

Mwikwabe akalala juu ya kaburi. Alilala chali, amenyoosha miguu, kama wanavyolazwa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikipiga ukemi, na jembe la Omanga likabaki juu, halishuki wala halirudi.

Jaduong' Elkanah alikuwa nyuma wakati huo wote. Akaja na fimbo yake polepole mpaka akafika kwenye mawe meupe, na hakuyavuka. Akamwangalia yule Mkuria pale chini kwa muda mrefu. Hata mashine za kusaga mawe mtu alikuwa amezizima.

"Wewe kijana," alisema, "utakufa kwa sababu ya vyuma vya kampuni?"

"Si vyuma, mzee," Mwikwabe akajibu, bado amelala. "Huu waya uko na watu upande ule mwingine. Mimi siwajui na wao hawanijui. Lakini wako."

Nikaona mzee ameikaza fimbo yake kwa mikono miwili. Nilidhani ni hasira. Nilisogea, nikasema liwe litakalokuwa, akimpiga nitamshika mkono, na mimi ni mwanamke wa kuolewa tu katika ukoo huu.

"Wangu pia aliniambia hivyo," mzee akasema. "Kwa simu. Nilimwambia aache huo mnara wao arudi nyumbani, kule watu wanakufa. Akaniambia, baba, huu mnara uko na watu. Nikamwita mjinga, nikakata simu."

Tulikuwa tumefikiri ananyamaza kwa sababu wale wa mabomu walimchukulia mtoto. Kumbe neno la mwisho mtoto alilosikia kwake ndilo lililokuwa likimla, miaka hiyo yote, huko kwa ng'ombe zake. Machozi yalinitoka hapohapo na sikuyafuta.

Mzee akamwambia Omanga aweke jembe chini. Omanga akaweka. Akawaambia wote waweke majembe yao, nje ya mawe, na kila mtu akaweka. Kisha akamtuma Omanga mtoni kwenye mti wa yago, alete tunda moja, kubwa, lisilo na jeraha.

Hapo wazee wakaanza kunung'unika, na nitakuambia kwa nini. Kwetu mtu akipotea kabisa, labda ziwa limemmeza na halikumrudisha, tunazika yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, linalalia mikononi kama mtoto. Ukishalizika umekubali, unalia, unanyoa, unapumzika. Wazee walikuwa wamemshauri Elkanah tangu mwanzo na yeye akawafukuza, akisema hakuzaa tunda. Sasa anataka yago, lakini shambani, chini ya vyuma, wakati mtoto wa kiume hulala bomani kwa baba yake. Mmoja wao alimwambia waziwazi kwamba haijawahi kufanyika. Mzee akasema kaburi likishaitwa kaburi haliachwi tupu, litatafuta mtu. Na kwamba mwanawe alikufa chini ya mnara, atalala chini ya mnara, na anayeona vibaya aende kwake. Wakamwachia. Mwenye kufiwa ndiye mwenye neno.

Omanga alirudi na yago amelibeba kwa mikono miwili, pandikizi lile la mtu, uso umemlegea kabisa. Mwikwabe alikuwa ameinuka, mgongo wote mchanga, anataka kujitenga kando. Mzee akamzuia. Alimwambia yeye ndiye anajua pa kushika na pa kutoshika, awaonyeshe. Basi Mkuria akapiga magoti, akaanza kufungua lile lundo kwa vidole vyake, taratibu, bila kugusa ardhi ya chini. Wanaume wa ukoo wakapiga magoti pamoja naye, wakafungua kwa viganja. Hapakuwa na jembe hata moja. Walipofika mwisho wakaona kweli ni patupu, kama alivyosema, na hakuna aliyemwambia neno baya.

Wakalilaza yago pale, nami nikatoa kanga yangu mpya, ile ya maua, tukamfunika Austine. Ndiyo, nimesema Austine, kwa sababu mzee alimwita. Alichuchumaa, akaweka mkono juu ya kanga, akasema jina la mwanawe na la baba yake na la babu yake, akamwomba amsamehe lile neno la kwenye simu. Halafu akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na wanawake tukampokea. Tulilia kilio cha miaka yote aliyotunyima. Mpaka wachuuzi wa sokoni ambao hawakumjua Austine walilia.

Wakarudisha mchanga kwa mikono. Mwikwabe alipomaliza kuupigapiga, alisimamisha tena msalaba wake wa mbao, mnyoofu, akarudi nyuma akasimama na kofia mkononi. Mzee akamwendea.

"Ulisema uongo kwamba kuna mtu hapa," alimwambia. "Sasa si uongo tena. Nilindie."

Mwikwabe akaitikia kwa kichwa. Wale watu wa ukoo wakaokota majembe yao, kila mtu lake, wakayaweka mabegani. Njia ya kilimani ilipita palepale kando ya mawe meupe, lakini hawakuifuata. Walizunguka mbali, kupitia hotelini kwangu, wakiongea kwa sauti ya chini.